Linda Macho Yako: Maneno juu ya Kole ya Kope za Bandia

Tazama uso wa mtoto wako anapolala. Utaona kope zake zimepangwa juu ya macho kama ua lililozunguka nyumba. Kope si pambo tu. Ni walinzi. Vumbi likija, hugusa kope kwanza, na jicho hujifunga upesi kabla halijaumizwa. Kope huzuia jasho, huzuia mdudu, na hupunguza upepo unaokausha jicho.

Mwaka 2015 wachunguzi wa chuo cha Georgia Tech, huko Marekani, walipima kope za wanyama wa namna 22. Waliona ya kuwa urefu wa kope ni kama theluthi moja ya upana wa jicho. Kope zenye urefu huo hupeleka upepo mbali, na jicho hukaa na maji yake. Lakini kope zikipita urefu huo, huanza kuvuta upepo kuelekea jicho. Basi tunaona ya kwamba kope tulizozaliwa nazo zina kipimo chake, na kipimo hicho ni chema.

Lakini leo wanawake wengi hupenda kope ndefu kuliko zile walizozaliwa nazo. Hununua kope za bandia na kuzigandisha kwa kole. Desturi hii ipo Lubumbashi, ipo Nairobi, ipo Dar es Salaam. Na vitu vya mjini havikawii kufika kwetu Mulongo. Hushuka Bukama kwa treni, hupakiwa katika boti, hushuka pamoja na mto Lualaba, na mwisho huwekwa juu ya meza sokoni pamoja na sabuni na chumvi.

Hatuandiki maneno haya ili kumhukumu mama au dada apendaye kujipamba. Tunaandika kwa sababu jicho ni kitu kidogo, nalo halina kipande cha kulibadilisha. Afadhali ujue hatari mapema kuliko kuijua siku ile macho yamekwisha kuvimba.

KOPE ZA BANDIA NI ZA NAMNA GANI?

Ziko namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni utepe mmoja wenye kope nyingi. Mwanamke huupaka kole na kuubandika juu ya ukingo wa jicho asubuhi, kisha huutoa jioni. Namna ya pili ni nyuzi moja moja au vifungu vidogo. Mtu mwingine hukulaza, wewe hufumba macho, naye hugandisha kila uzi juu ya kope yako mwenyewe. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili au zaidi, na kope hizo hukaa majuma mawili au matatu kabla ya kutengenezwa tena.

Kope zenyewe mara nyingi ni za nailoni au nyuzi nyingine za kiwandani, nazo kwa kawaida hazina shida kubwa. Shida kubwa hutoka katika kole.

KOLE HII NI KITU GANI?

Kole ya kope za nyuzi moja moja ni ndugu ya ile kole kali ya kichupa kidogo ambayo watu hununua ili kutengeneza kiatu au sahani iliyovunjika. Jina lake ni sianoakrilati. Ilianza kujulikana mwaka 1942, wakati wa vita, katika kazi ya Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak huko Marekani. Wenziwe na yeye walikuwa wakitafuta kitu cheupe kama kioo kwa ajili ya bunduki, lakini kitu hiki kiliwasumbua kwa sababu kiligandisha kila kilichoguswa. Walikiacha. Baadaye, mwaka 1951, walikiangalia tena, na mwaka 1958 kilianza kuuzwa kama kole.

Sasa fahamu neno hili moja, maana ndilo la muhimu. Kole nyingine hukauka kwa sababu maji yake yanatoka. Kole hii hufanya kinyume: hugandishwa na unyevu. Maji kidogo sana yanatosha, hata unyevu wa hewa. Na ni kitu gani cha mwili kilicho na unyevu kuliko jicho? Ndiyo maana kole hii ikiingia jichoni hushika mara moja.

Tena, inapoganda hutoa mvuke unaochoma macho na pua. Na inapoharibika hutoa formoli kidogo. Wengi wetu tunaijua formoli: ndiyo dawa inayotiwa katika maiti ili zisioze upesi. Hata kidogo chake huchoma jicho lililo hai.

Kole ya kope za utepe mara nyingi ni ya namna nyingine. Nyingine zina utomvu wa mpira, ule ule unaotoka katika mti wa mpira. Utomvu huo hupatikana pia katika kole nyingine za kubandika nywele za bandia kichwani.

KUCHOMWA NA MZIO NI MAMBO MAWILI

Watu wengi huchanganya mambo haya, na kwa hiyo hukosea dawa. Basi tuyatenge.

Jambo la kwanza ni kuchomwa. Mvuke wa kole au kole yenyewe imegusa jicho. Maumivu huja palepale, siku ileile, na machozi hutoka. Jambo hili laweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye mwili wenye nguvu.

Jambo la pili ni mzio, ambao watu wa mjini huuita alerji. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Wakati mwingine askari hao humdhania mgeni asiye na silaha kuwa ni adui, nao hupiga vita vikali. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe, muwasho na wekundu. Mara nyingi mzio wa kole ya kope hauji mara moja. Huja baada ya siku moja au mbili, au hata zaidi. Mwanamke hulala salama, na siku ya pili huamka macho yake yamefunga kwa uvimbe.

Tena kuna jambo ambalo huwadanganya wengi. Mama husema, “Haiwezi kuwa kole, maana nimeitumia mwaka mzima bila shida.” Lakini mzio hauzaliwi na mtu. Askari wa mwili hujifunza polepole. Waweza kuvaa kope mara kumi bila shida, na mara ya kumi na moja ukaugua. Na wakikwisha kujifunza, kwa kawaida hawasahau. Kila mara kole ile ikigusa, watapiga vita tena, na mara nyingi kwa nguvu zaidi.

Mzio wa utomvu wa mpira ni wa namna nyingine. Huo waweza kuja upesi sana, kwa dakika chache, na kwa watu wachache huweza kuleta kifo. Ikiwa ngozi yako huwasha au kuvimba unapogusa ganti za mpira ambazo waganga huvaa, au puto la watoto, usitumie kole yenye utomvu wa mpira hata kidogo. Watu wengine wenye mzio huo huwashwa midomo pia wakila ndizi, avoka au papai.

MFANO

Tuseme kuna dada mmoja anayejitayarisha kwa arusi ya ndugu yake. Arusi ni siku ya posho. Siku ya tano jioni rafiki yake anamgandishia kope. Macho yanawasha kidogo, lakini rafiki anasema, “Vumilia, ni kawaida.” Arusini anapendeza. Siku ya Mungu asubuhi anaamka: kope zote mbili za macho zimevimba, ngozi inatoa maji, naye haoni vema.

Jirani wa kwanza anakuja na majani, anayasaga, anataka kumtonya maji yake jichoni. Jirani wa pili anasema mkojo wa mtoto unafaa. Wa tatu anakwenda dukani kununua kichupa cha dawa ya macho asiyoijua. Wa nne anashika kope zile na kutaka kuzivuta.

Msomaji, wote wanne wanampenda dada huyu. Lakini wote wanne wanaweza kumpofusha. Maji ya majani na mkojo huleta vijidudu katika jicho lililokwisha kuumizwa. Kuvuta kwa nguvu hung'oa kope za kweli na kuchubua ngozi. Na dawa ya dukani? Hiyo tutaisema sasa.

HATARI YA KORTIZONI

Dawa nyingine za macho zina kitu kiitwacho kortizoni. Jina lililoandikwa juu ya kichupa laweza kuwa deksametazoni au prednizoloni. Dawa hizi hutuliza uvimbe upesi, ndiyo maana watu huzipenda. Munganga hutumia dawa hizi kwa uangalifu, kwa siku chache, baada ya kutazama jicho.

Lakini mtu akizitumia mwenyewe bila kutazamwa, mambo matatu yanaweza kutokea. Ikiwa jicho lina kidonda cha vijidudu, dawa hizi huwaacha vijidudu hao wale jicho, huku maumivu yakipungua na mtu akidhani anapona. Zikitumiwa muda mrefu, huweza kuongeza presha ya jicho na kuua mshipa wa kuona; nuru iliyopotea hivyo hairudi. Tena huweza kuleta mtoto wa jicho. Basi usikubali dawa ya jicho kwa sababu tu ilimponya jirani. Jicho jekundu lina sababu nyingi, na dawa zake si moja.

UFANYE NINI?

Ikiwa kole imeingia jichoni:
1. Osha jicho palepale kwa maji mengi safi, yasiyo moto. Mimina polepole kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Maji yaliyochemshwa na kupoa ni mazuri kuliko yote. Lakini ikiwa hayako karibu, usingoje. Tumia maji safi kupita yote uliyo nayo.
2. Usisugue.
3. Ikiwa kope za juu na chini zimeshikana, usizivute na usizikate kwa wembe au makasi. Weka juu yake kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu. Kole hulegea yenyewe; mara nyingine huchukua siku moja hadi nne.
4. Usitie petroli, wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, wala mafuta ya taa karibu na jicho. Vitu hivyo huyeyusha kole, lakini huumiza jicho.
5. Njoo lopitalo siku ileile, hata kama maumivu yamepungua. Munganga atatazama kama kioo cha jicho kimechubuka.

Ikiwa macho yamevimba na kuwasha baada ya siku moja au mbili:
1. Acha kuitumia kole hiyo. Kope za utepe zitoe taratibu kwa maji na kitambaa laini. Kope za nyuzi moja moja usizing'oe. Zitolewe na mtu ajuaye kazi, au lopitalo.
2. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi kila mara.
3. Usipake pomada wala poda wala rangi.
4. Njoo lopitalo. Chukua na pakiti ya kole mkononi, ili munganga asome majina yaliyoandikwa juu yake.

Ikiwa midomo au ulimi unavimba, au kifua kinabana na pumzi inapiga filimbi, au mtu anaona kizunguzungu na kuanguka:
Hiyo ni hatari ya kifo. Usingoje kesho. Mlaze mtu chali na kuinua miguu yake; lakini ikiwa hapumui vema, mwache akae. Usimsimamishe na kumtembeza. Mpeleke mara moja mahali penye sindano ya adrenalini, ambayo hupigwa katika paja. Hata akipata nafuu, akae chini ya ulinzi wa waganga kwa saa kadhaa, maana hali hii huweza kurudi.

Njoo upesi pia ukiona dalili moja ya hizi: kuona kumefifia; mwanga unauma sana; usaha unatoka; jicho moja linauma kuliko jingine; au kuna alama nyeupe juu ya mboni.

JAMBO HILI SI GENI

Mwaka 1933 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na dawa kali ya rangi nyeusi. Wanawake waliumizwa vibaya, kukawa na upofu na hata kifo. Wakati ule serikali haikuwa na sheria ya kuzuia vitu vya urembo vyenye hatari. Habari hizo zilisaidia kuleta sheria mpya mwaka 1938. Dawa ile ya rangi nyeusi bado ipo duniani. Hutiwa katika rangi nyingi za nywele, na hata katika piko, ile hina nyeusi inayopakwa mikononi pwani ya Uswahilini. Kwa hiyo rangi ya nywele usiipake kamwe juu ya kope wala nyusi.

Karibu na kwetu, mwezi wa Septemba 2018, Spika wa Bunge la Tanzania, Job Ndugai, alikataza wabunge wenye kope za bandia na kucha za bandia wasiingie bungeni Dodoma. Alifanya hivyo baada ya Naibu Waziri wa Afya, Dakta Faustine Ndugulile, kueleza madhara ambayo wanawake hupata kwa vitu hivyo. Watu walibishana sana. Wengine walisema Spika amefanya vema. Wengine walisema si kazi ya Bunge kutazama macho ya wanawake. Sisi hatuingii katika mabishano hayo. Lakini tunaona ya kwamba jambo la kole ya kope liliweza kufika hata mbele ya watunga sheria.

UKITAKA KUVAA, JILINDE HIVI

Mwenye hekima akitaka kuvuka mto huuliza kwanza kilindi kiko wapi. Basi, ukitaka kuvaa, fuata maneno haya:

Kwanza, jaribu kole kabla. Paka tone dogo nyuma ya sikio, ngoja siku mbili kamili. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, usiitumie. Lakini jua ya kuwa jaribio hili si ahadi kamili. Hupunguza hatari, haliiondoi.

Pili, usinunue kole isiyo na jina wala tarehe juu ya kichupa. Na kole ya viatu, au ya kuzibia mpira wa baiskeli, isikaribie uso wako hata siku moja, ingawa ni bei rahisi.

Tatu, kole isigandishwe juu ya ngozi wala juu ya ukingo wa jicho, ila juu ya kope zenyewe tu. Macho yafumbwe kabisa. Dirisha liwe wazi ili mvuke utoke.

Nne, mwenye kazi anawe mikono kwa sabuni, asafishe vyombo vyake kabla ya kila mtu. Usivae kope zilizovaliwa na mwingine. Ugonjwa wa macho hupita kwa njia hiyo upesi sana.

Tano, usilale na kope za utepe. Na zile za nyuzi moja moja zioshwe kila siku kwa maji safi, maana uchafu na mafuta hukusanyika katika mizizi yake na kuleta uvimbe wa ukingo wa jicho. Wengi huogopa kuziosha ili zisitoke. Huo ni mwanzo wa ugonjwa.

Sita, ikiwa jicho lina ugonjwa, au limepasuliwa karibuni, au umewahi kupata mzio wa kole au wa kucha za bandia, usivae kabisa. Watoto wasivae.

Nawe unayefanya kazi hii kwa mikono yako, jilinde pia. Wewe huvuta mvuke huo kila siku. Kikohozi na kifua kinachobana baada ya kazi ni onyo. Usidharau.

TUNZA KICHUPA CHAKO

Neno moja zaidi, kwa kila nyumba. Kichupa cha kole kali hufanana sana na kichupa cha dawa ya macho. Vyote ni vidogo, vyote vina mdomo mwembamba wa kutonyesha. Ajali hii imetokea katika nchi nyingi: mtu anaamka usiku, taa haipo, ananyosha mkono, anatia kole jichoni akidhani ni dawa. Kwa hiyo baba na mama, leo hii, kabla ya kulala, tazameni mahali mnapoweka vitu hivi. Kole iwekwe mbali, katika kopo lenye kifuniko, mahali ambapo watoto hawafiki. Dawa ya macho iwekwe peke yake. Na usitie dawa jichoni kabla ya kuwasha taa na kusoma jina.

Tena, ikiwa umekwisha kujua ya kuwa una mzio wa kole ya namna hii, mwambie munganga kila uendapo lopitalo. Siku hizi mahali pengine waganga hufunga vidonda vidogo kwa kole ya jamaa ileile badala ya kushona. Ni dawa njema kwa wengi, lakini si kwako.

Mpenzi msomaji, kope zilizoanguka mara nyingi huota tena baada ya miezi michache, ikiwa mizizi haikuharibika. Lakini kuona kuliko kwisha kupotea mara nyingi hakurudi. Yule dada wa mfano wetu, akija lopitalo siku ile ya kwanza, kwa kawaida atapona kabisa. Akija baada ya majuma mawili ya majani na vichupa, pengine kazi yetu itakuwa kuokoa jicho moja tu. Basi ukimwona jirani yako macho yamevimba, usimcheke kwa sababu ya kope zake. Mshike mkono umlete.